Maswali ya bustani: Viazi vya Dodoma hufuata baridi, si mvua

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mvua zinaaga, vumbi linajiandaa kurudi, na barua za safari hii karibu zote ni za viazi mviringo. Inaonekana bei ya sahani ya chipsi imewachosha. Moja nitaijibu kwa urefu, maana imebeba kosa la wenzake wote. Nyingine nitazipitia mbiombio.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nimehamia Dodoma mwaka juzi nikitokea Njombe. Kwetu viazi havina maneno: mvua za mwezi wa 11 zikianza unapiga matuta, unapanda, unaendelea na mambo yako. Hapa Ilazo nina kiwanja nyuma ya nyumba. Mvua ya kwanza ilipogusa ardhi mwezi wa 12 nikapanda, na kila mvua ilipokata nikamwagilia. Majani yalifika magotini, majirani wakaja kupiga picha. Nilipochimba juzi nimepata viazi 14 kwenye mashina 30, kikubwa kabisa ni sawa na yai la kware. Mke wangu anasema ardhi ya Ugogo haitaki viazi. Nimekosea wapi: maji, mbolea au mbegu? (Mwalimu, Ilazo)

Jibu: Marahaba mwalimu, na karibu Dodoma japo nimechelewa kukukaribisha. Mama watoto wako amekosea kidogo, wewe umekosea zaidi. Maji yako hayana kosa, mbolea haina kosa, mbegu nayo tutaizungumza baadaye. Kilichokuangusha ni kalenda. Umepanda Ilazo kwa kalenda ya Njombe.

Kiazi tunakiita cha Ulaya, lakini kwao ni milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako usiku mtu hujikunyata. Tabia ya kwao hakijaiacha. Majani yake yanavumilia joto kiasi, ila kiazi chenyewe hakitaki. Chini ya udongo shina hutoa vikonyo vyeupe vinavyotambaa kama kamba za viatu, na ncha ya kila kikonyo ndiyo inayovimba ikawa kiazi. Ncha hizo huvimba vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 18. Ukipita 20 kazi inalegea. Ukikaribia 30 inasimama, na chakula chote ambacho kingeshuka chini kinabaki juu kuongeza majani. Ndiyo maana yalifika magotini. Ulichopigiwa picha na majirani, mwalimu, ni mboga.

Sasa linganisha kwenu na hapa. Njombe mko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Dodoma tuko kwenye mita 1,100 hivi. Kwenu mvua inapokuja bado kuna ubaridi. Kwetu mvua, zile milimita 550 au 600 tunazozipata kwa mwaka mzima, zinashuka kati ya Desemba na Aprili, wakati mchana ni nyuzi 29 au 30 na usiku mtu anatupa shuka. Baridi yetu inakuja mwezi wa sita na wa saba, usiku hushuka hadi 13 au 14, na wakati huo mbinguni hakuna hata wingu la kudanganyia. Dodoma inakupa maji au inakupa baridi. Vyote viwili kwa pamoja haitoi. Mtama na uwele vinachagua maji. Kiazi kinachagua baridi, na maji utakitafutia wewe.

Usione haya, hata mimi nilifundishwa na aibu. Nimekuwa bibi shamba miaka 27, nikihubiri uwele na karanga vijijini, nikastaafu na kurudi kwangu Miyuji nikidhani viazi ni mchezo wa watoto. Nikapanda mwezi wa kumi, kwa maji ya bomba. Mavuno yangu mjukuu aliyageuza kete za bao, na zilitosha bao zima. Kwa hasira nikachukua kipimajoto changu cha maziwa, kile cha fimbo, nikakizamisha urefu wa kidole kwenye tuta lililo wazi, saa nane mchana. Kikasoma 36. Nikasogea hatua mbili, mahali nilipotandaza mabua ya uwele, nikakichomeka tena na kusubiri. Kikasoma 27. Nyuzi tisa zimezuiwa na mabua ambayo jirani alishaniomba akayachome. Tangu siku hiyo sipandi kiazi bila matandazo, na sipandi tena mwezi wa kumi.

Kwa hiyo panda kuanzia wiki ya mwisho ya mwezi wa nne, usivuke katikati ya mwezi wa tano. Udongo bado una unyevu wa masika ndani yake, na utaufaidi bure wiki za mwanzo. Miche inatokeza baada ya wiki mbili au tatu, vikonyo vinaanza kuvimba katikati ya mwezi wa sita, na viazi vinanenepa mwezi wa saba wote, wakati ule ambao asubuhi unamkuta mlinzi amejifunika blanketi hadi puani. Mwezi wa nane unachimba. Ukichelewa mpaka wa tisa, upepo na joto vitakukuta bado una matumaini shambani.

Matuta yako ya Kinjombe yaache Njombe. Tuta lililoinuka kazi yake ni kutoa maji yaliyozidi, na hapa hakuna yaliyozidi. Upepo wa Dodoma unalipiga pande zote mbili, kufika jioni limekauka kama tofali. Sisi tunafanya kinyume chake: chimba mfereji wa kina cha shubiri moja, yaani sentimita 20 hivi. Tandika samadi iliyooza vizuri, ile nyeusi isiyonuka. Ugogo hatukosi mazizi ya zamani, gunia mbili hukosi. Funika samadi kwa udongo kidogo, panga mbegu kila sentimita 30, macho yakiangalia juu, kisha fukia kina cha kama sentimita 10. Mfereji utabaki na bonde. Liache. Ndilo litakalokusanya maji ukimwagilia na kukinga mche mchanga na upepo. Kutoka mfereji hadi mfereji acha sentimita 70.

Miche ikifika urefu wa shubiri, rudisha udongo uliochimba, nusu ya kwanza. Baada ya wiki mbili rudisha uliobaki, mpaka mahali pawe sawa na pengine au pavimbe kidogo tu. Usiruke hatua hii kwa uvivu. Viazi hukaa juu ya mbegu, si chini yake, kwa hiyo usipoongeza udongo vitachungulia nje. Vikichungulia jua linavifanya kijani, na yule nondo mdogo wa viazi, anayependa ukame kama wa kwetu, anapita kwenye nyufa na kutaga mayai juu yake. Utachimba kiazi kizuri kwa nje, ndani kimejaa vichochoro vyeusi.

Matandazo yaje baada ya kurudisha udongo. Mabua yakate vipande, yatandaze unene wa kiganja, lakini yasiguse shina. Najua utaniuliza habari za mchwa. Mchwa wapo, Miyuji wamenilia hata mpini wa jembe. Wanapenda kikavu kilichokufa, kwa hiyo matandazo yanayoloweshwa mara kwa mara hawayavamii sana. Kila Jumamosi nafunua sehemu mbili tatu, nikiona vijia vyao vya udongo navivunja na kubadilisha mabua.

Sasa tuongee maji kwa hesabu, wewe ni mwalimu. Chukua eneo la mita 2 kwa 5, yaani mita 10 za mraba. Hapo unapata mashina kama 45. Majani yakishafunika ardhi, kila mita ya mraba inataka lita 4 hadi 5 kwa siku. Eneo zima ni lita 40 hadi 50, yaani madumu mawili, wakati mwingine mawili na nusu. Mwanzoni nusu ya hapo inatosha. Usitoe kidogo kidogo kila jioni, maana unalowesha ngozi ya ardhi na jua linaikausha kesho yake kabla mizizi haijaonja. Toa madumu manne hadi matano kila baada ya siku moja, asubuhi mapema, ndani ya mfereji, chini ya majani. Kisha chomeka kidole: kikizama mpaka kiungo cha pili na kutoka na udongo unaonata, umefanya kazi.

Wiki zile za mwezi wa sita mwishoni na wa saba usikose hata zamu moja. Kiu ikikipata kiazi wakati kinavimba, halafu ukaja na mafuriko ya toba, kinapasuka au kinaota vinundu kama tangawizi. Udongo mkavu wakati huo pia unaleta ukurutu, yale magamba magumu kwenye ganda. Kwetu mgao wa maji ni sehemu ya maisha, kwa hiyo kabla hujachimba mfereji hata mmoja, hakikisha una pipa au simtanki. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa. Ya kufulia, yenye sabuni ya unga, hapana.

Jumla ya msimu ni kama madumu 200 kwa kipande hicho. Nasema ukweli: ukiwa unanunua maji kwa dumu, nenda sokoni Majengo ukanunue viazi vya Njombe, vitakuwa rahisi kuliko vyako. Mwenye bomba au kisima chenye maji matamu ndiye anayefaidi. Mimi mwaka jana mashina 45 yalinipa ndoo kubwa moja na nusu. Si utajiri. Lakini kuna jioni moja ya mwezi wa saba nilipiga magoti, nikachokonoa udongo kwa vidole pembeni ya shina bila kuling'oa, nikagusa kitu laini, baridi, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nikatoa vitatu, nikafukia shina lake liendelee. Ganda lilikuwa jembamba mno, linatoka kwa kusugua tu. Tuliviunga na nyanya, mzee wangu akanyamaza habari za bili ya maji kwa wiki nzima.

Mbegu sasa. Hapa kuhamia kwako kutoka Njombe kuna baraka, kwa sababu kiazi kikichimbwa hulala miezi miwili au mitatu kabla macho hayajaamka. Viazi vyenu vilivyopandwa na mvua za mwezi wa 11 vinachimbwa mwezi wa pili na wa tatu. Hesabu: vinaamka mwezi wa nne mwishoni na wa tano, barabara kwa kalenda ya Dodoma. Mwombe ndugu yako akuwekee vya ukubwa wa yai la kuku, kutoka shamba ambalo halikunyauka hata shina moja, akutumie kwa basi. Kilo mbili na nusu zinatosha mashina 45. Hata hivyo, mbegu iliyothibitishwa ni bora kuliko ya ndugu, na kwa aina zinazokomaa mapema waulize watafiti wa TARI Uyole kule Mbeya, viazi ndiyo kazi yao. Zikifika, zipange safu moja kwenye trei, mahali penye mwanga lakini jua halipigi. Machipukizi yatatoka mafupi, manene, yenye rangi ya zambarau. Ukizifungia gizani yatatoka marefu meupe kama tambi, yanavunjika ukiyaangalia tu.

Majani yakianza kuwa njano mwezi wa nane, punguza maji. Kata majani, subiri siku 10 hadi 14, kisha sugua kiazi kimoja kwa dole gumba. Ganda likigoma kutoka, chimba vyote. Na mwambie mama watoto wako aandae sufuria, ardhi ya Ugogo haina kinyongo.

Swali: Mama, nimeona watu wanapanda viazi kwenye viroba, wanaongeza udongo mpaka juu na kuvuna kiroba kizima. Mimi nimepanga Chang'ombe, sina ardhi. Nijaribu? (Mpangaji)

Jibu: Jaribu, ila punguza ndoto. Aina nyingi hazizai kwa ghorofa. Zinazaa kwenye tabaka lile karibu na mbegu, udongo unaorundika juu sana unakuwa mzigo tu. Halafu kiroba kikiegemea ukuta unaotazama magharibi, jua la saa tisa linakipika, na tumeshasema kiazi kikipikwa kikiwa udongoni hakizai. Kiweke upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kikunje kwa nje kiwe na kuta mbili, toboa matundu chini. Panda mbegu mbili, si tano. Kitataka maji kila siku, wakati mwingine mara mbili. Ndoo nyeusi ya rangi usiitumie kabisa.

Swali: Viazi vyangu vya jikoni vimeota. Naweza kupanda hivyohivyo nisiharibu hela? (Mama wa Nkuhungu)

Jibu: Hela utaokoa, bustani unaweza kuipoteza. Nilishanunua sokoni mbegu kwa mtu aliyeniapia zimetoka moja kwa moja kwa mzalishaji. Zilikuwa viazi vya chipsi. Wiki ya sita shina moja likalegea mchana, udongo ukiwa umelowa. Jioni likaamka kidogo, kesho yake likalala moja kwa moja. Kisha la jirani yake. Nikakata shina karibu na ardhi, nikalining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, mkato ukiwa umezama tu. Kabla chai haijapoa zikaanza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa. Huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Unakaa ardhini miaka, unahamia kwenye nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili, ambazo ni ukoo mmoja na kiazi. Kipande kile mpaka leo napanda mahindi na mchicha tu, nyanya nimezihamishia upande wa pili wa nyumba.

Ukiona shina limelala namna hiyo, ling'oe pamoja na udongo wake, litupe mbali na bustani, usiweke kwenye mboji, na osha jembe. Ukiwa na hamu isiyozuilika na viazi vyako vya jikoni, vipandwe kwenye kiroba kimoja cha pembeni, si ardhini. Na usivikate vipande, maana kisu kinabeba ugonjwa kutoka kimoja hadi kingine.

Swali: Kisima changu kina maji ya chumvi. Majani ya viazi yanaungua pembeni kama yamepitishiwa moto. Niongeze majivu? (Nzuguni)

Jibu: Majivu hapana! Unaongeza chumvi juu ya chumvi, na unakaribisha ukurutu. Kiazi hakivumilii chumvi kama mchicha unavyovumilia. Ukipata maji ya bomba, changanya nusu kwa nusu, na mara moja kwa wiki mbili mwagilia ya bomba peke yake kwa wingi ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Usimwagie juu ya majani. Ukionja maji ya kisima na ulimi ukakunja, panda mchicha uachane na viazi.

Swali: Je, viazi vilivyopata rangi ya kijani nikimenya vinafaa? (Hakusema anatoka wapi)

Jibu: Ukijani kidogo kwenye ganda, menya kwa kina uondoe wote. Kikiwa kijani hadi ndani, au ukikionja ni kichungu, tupa, na usiwape mbuzi. Hifadhi gizani, penye hewa, si kwenye stoo ya bati inayochemka mchana.

Swali: Kuku wa jirani wanafukua matandazo yote. Nifanyeje? (Area C)

Jibu: Laza matawi ya miiba juu ya mabua, kuku hapendi kuchomwa miguu. Jirani mpelekee sahani ya viazi mwezi wa nane, na mwambie mapema kwamba inakuja.